Saa Nane ya Simu

Vijana wangu, kabla ya yote naomba mnisamehe. Barua hii ilitakiwa iwafikie Jumatatu, na leo ni Alhamisi. Inahusu kupanga muda.

Kazi hii nimepewa na binti yangu Neema, ambaye mko naye kwenye kundi la simu la maafisa mifugo wapya wa huku Mikumi. Aliniambia, "Baba, andika ukurasa mmoja tu. Wenzangu wanalalamika siku haiwatoshi. Wewe ulikuwa na vijiji saba na pikipiki moja Kilosa, ulifanyaje?" Nikamjibu kwa mbwembwe kwamba hilo ni jambo dogo, asubuhi moja linakwisha. Nikakaa mezani na kalamu, nikagundua sijui nilifanyaje. Nimekaa hapo siku tatu nikichanganyikiwa, na chai imepoa mara nyingi.

Niseme ukweli wangu kwanza ili msije mkanidhania mtaalamu. Wiki ya kwanza baada ya kustaafu niliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, nikanawa, nikavaa buti zangu za mpira, nikasimama mlangoni. Neema akatoka na mswaki mdomoni. "Shikamoo Baba. Unaenda wapi?" Nikaitika marahaba. Sikuwa na pa kwenda. Nilisimama pale na buti zangu mpaka malori ya Iringa yakaanza kupita barabarani, ndipo nikazivua. Tangu siku hiyo nina kazi moja tu, kumwagilia mchicha nyuma ya nyumba, na aminini msiamini huwa nachelewa kuufikia. Nilipokuwa na vijiji saba sikuwa nachelewa hivi. Nimelifikiria sana jambo hilo na sijalielewa.

Yule aliyenifundisha kazi, Mzee Mkude, hakuwa na saa mkononi. Nilimkuta Kimamba nikiwa kijana mwembamba niliyetoka shule ya misheni huko milimani, ambako kila kitu kilikwenda kwa kengele: kengele ya kuamka, ya sala, ya uji, ya jembe. Mimi nilidhani muda ni kengele. Nikamwuliza Mzee Mkude siku ya kwanza, "Mzee, tunaanza saa ngapi?" Akanionyesha boksi la barafu lililofungwa nyuma ya baiskeli. "Muulize huyo."

Ilinichukua muda kumwelewa. Chanjo yetu ya homa ya mapafu inakuja kama unga mkavu ndani ya kichupa. Isipokaa kwenye baridi inakufa. Ukishaichanganya na maji yake, hata ikikaa kwenye baridi, una saa moja tu ya kuitumia, baada ya hapo unachoma ng'ombe maji. Kwa hiyo Mzee Mkude alikuwa akipanga siku kwa kuanzia nyuma. Hakuuliza tutaanza saa ngapi, aliuliza barafu itaisha wapi, halafu anarudi nyuma kijiji kwa kijiji mpaka anafika kitandani kwake. Kama hesabu ilimtaka aamke saa tisa, aliamka saa tisa na kulalamika njia nzima.

Alikuwa na mtindo mwingine ambao ninyi mnaweza kuutumia hata leo. Chupa moja ya maji ya barafu aliifunga nje ya boksi, juani. Sisi vijana tulimcheka kwamba anaharibu barafu. Kumbe ile ndiyo ilikuwa saa yake. Ikiyeyuka nusu, anasema, "Tugeuze," hata kama mwenyekiti wa kijiji ndiyo kwanza anaanza hotuba. Mwenyekiti mmoja alichukia kweli. Mzee Mkude akamkabidhi ile chupa na kumwambia anywe taratibu.

Miaka mingi baadaye tuliitwa semina ya matumizi bora ya muda. Ilitangazwa kuanza saa mbili asubuhi, na mwezeshaji aliingia saa tano akilaumu barabara. Akachora boksi kubwa ubaoni, akaligawa sehemu nne: yenye haraka na muhimu, muhimu yasiyo na haraka, na kadhalika. Akatuambia tuweke kazi zetu ndani. Nikanyoosha mkono. "Mama, ng'ombe anayezaa na ndama kakaa vibaya tumboni, anakaa chumba gani?" Akasema cha juu kushoto. Nikauliza mbwa mwenye kichaa. Cha juu kushoto. Mwenzangu akauliza mbuzi aliyemeza mfuko wa nailoni. Mpaka saa saba kile chumba kilikuwa kimejaa mifugo yote ya wilaya, na vile vitatu vitupu kabisa. Sikudharau somo lile. Nilichanganyikiwa tu, nikarudi nyumbani nikiwa sijui kama tatizo ni boksi lake au kazi yetu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Neema halijui vizuri, na ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu Jumatatu.

Kule Rudewa, ukivuka mashamba ya zamani ya mkonge, kuna wafugaji. Mmoja wao ni mama tuliyezoea kumwita Mama Naserian, kwa jina la bintiye. Mumewe alifariki na kumwachia ng'ombe kumi na mmoja. Shemeji yake mkubwa alikuwa ameshasema mbele za watu kwamba mwanamke hawezi kuchunga mali, na ng'ombe wakianza kupungua atawachukua wote awachanganye na wake. Kila mtu pale alilijua neno hilo, na mimi nililijua. Kwa hiyo wale kumi na mmoja hawakuwa ng'ombe tu. Wangekwenda wao, yeye na binti yake wangerudishwa kwao.

Ikaingia homa ya mapafu upande ule. Nikapanga chanjo: Rudewa alfajiri, kabla ng'ombe hawajatoka kwenda malishoni, na Mvumi saa nane mchana. Miaka yote ratiba kama hiyo niliandika kwenye daftari na kuivaa saa yangu ya mkononi. Mwaka ule nilikuwa nimenunua simu ya kupapasa. Kijana mmoja ofisini alinionyesha pa kuandikia miadi ili simu inikumbushe yenyewe. Nikafurahi kama mtoto. Nikaandika kwa kidole changu kinene: Mvumi chanjo, 8:00. Daftari nikaliacha nyumbani. Saa ya mkono nayo nikaiacha, maana simu ina saa.

Mnaona nilichofanya. Nilifikiri kwa Kiswahili nikaandika kwa simu. Mimi saa nane yangu ni mchana, jua likiwa limeanza kupinda. Simu saa nane yake ni asubuhi, ndiyo saa mbili yetu. Ninyi mnacheka, nyie mmezaliwa nazo. Lakini naomba mnijibu, ni mara ngapi mmeambiwa na mtu wa ofisini "tukutane saa nne" mkakaa kimya mnajiuliza ni nne ipi?

Siku hiyo kulikuwa na mawingu mazito ya masika. Pale Rudewa tulipitisha ng'ombe mmoja mmoja kwenye njia nyembamba ya miti, shemeji mtu akiwa wa kwanza, wengine wakafuata. Mama Naserian aliwekwa mwisho. Nikachanganya kichupa kwa ajili ya ng'ombe wake kumi na mmoja. Nikavuta dawa kwenye bomba la sindano. Simu ikalia mfukoni.

Nikaitoa. Ikasema: Mvumi chanjo, 8:00. Nikatazama saa ya simu, nayo ikasema 8:00.

Nilijua ni asubuhi. Msinidhanie mjinga kiasi hicho, matumbo yangu yalikuwa hayajapata hata uji. Lakini nikawaza: basi Mvumi nilipanga asubuhi na nimesahau. Watu wa Mvumi walikuwa wameshanishtaki mara mbili kwa kuchelewa, na mara ya mwisho nilisemwa hadharani nikiwa nimesimama kama mwanafunzi. Simu imesema, na daftari sina. Niliamini simu kuliko kichwa changu. Hata dakika chache za kuwachoma wale kumi na mmoja nikaziona nyingi. Nikafunga boksi, nikamwambia Mama Naserian, "Nisubiri hapo, nakuja sasa hivi."

Njia ya Mvumi ilikuwa tope tupu. Nilipofika pale pa kuchanjia hakukuwa na mtu wala ng'ombe. Alikuwepo mama mmoja anachota maji kwenye bomba la mkono. Nikamsalimu, nikamwuliza watu wako wapi.

"Si mlitangaza saa nane?"

"Ndiyo."

"Basi bado, baba. Hata saa tatu haijatimia."

Nilisimama pale nikamtazama, nikaitazama simu, nikamtazama tena. Akaniuliza kama naumwa. Nikageuza pikipiki.

Nilirudi Rudewa yapata saa nne. Ng'ombe wote walikuwa wametawanyika malishoni, hakuna hata kwato iliyobaki, isipokuwa zizi moja. Mama Naserian alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi lake, mkono juu ya miti aliyozibia, na ng'ombe kumi na mmoja nyuma yake wanalia njaa. Majirani walimwambia awafungulie. Shemeji yake alipita akamwambia anawatesa. Yeye alikuwa ameambiwa "sasa hivi," akaichukua kama ilivyosemwa.

Kile kichupa nilichochanganya kilikuwa kimepita saa yake. Vichupa viwili vilivyobaki kwenye boksi vilikuwa vya Mvumi, vimehesabiwa ng'ombe kwa ng'ombe, na Mvumi nilikuwa nimeshawaogopa. Ningeweza kumwambia, "Mama, dawa yako imekufa, wafungulie." Ningeweza kuchanganya cha Mvumi. Nilifanya la tatu. Niliona aibu ile ya kumkuta amesimama pale, nikawachoma wote kumi na mmoja dawa ambayo nilijua imekufa. Akasema, "Asante, Daktari," akafungua zizi.

Nilikwenda Mvumi nikafika saa saba na nusu. Walinisifu kwa kuwahi.

Siku tatu nilikaa na jambo hilo. Siku ya nne nilipata kichupa cha akiba mjini Kilosa, nikaondoka alfajiri, nikafika Rudewa kabla hajawatoa. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri kwamba kuna chanjo ya kurudia, agizo jipya. Nikausema wote. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari, shikamoo," akasema, kwa sababu nilikuwa nimeanza kusema kabla ya salamu.

"Marahaba."

"Siku ile uliwachoma ng'ombe wangu wote na hukumtazama hata mmoja. Yule mwenye tumbo jeupe alikuwa anatoka damu puani kwa kugonga miti, hukumwona. Ulikuwa unatazama simu."

Nikamwambia kila kitu. Kwamba dawa ilikuwa imekufa, kwamba nilijua, kwamba nilipanga saa nane nikapata saa mbili. Hilo la saa alinitaka nilirudie, na niliporudia mara ya pili nilijichanganya mwenyewe nikaanza kuhesabu kwa vidole. Hakucheka. Akanisogezea ng'ombe wa kwanza.

Mwezi haukuisha, wawili wakaanza kukohoa. Yule mwenye tumbo jeupe akafa, na dume dogo likafuata. Wakabaki tisa.

Nataka mwelewe hapa nilipochanganyikiwa, maana sijatoka. Chanjo haimkingi ng'ombe siku hiyo hiyo, inachukua wiki. Yawezekana wale wawili walikuwa wameshaambukizwa kabla sijafika na sindano yangu. Yawezekana ni zile siku nne. Nimewauliza madaktari wenye shahada, mmoja akaniambia ndiyo, mmoja akaniambia haiwezekani, wa tatu akaniuliza kwa nini nauliza. Mpaka leo sijui.

Shemeji mtu yeye hakuwa na mashaka. Akaitisha kikao cha wazee ili achukue tisa waliobaki. Mama Naserian akanipigia simu. "Njoo Jumanne, Daktari. Ng'ombe wakirudi kunywa."

"Hiyo ni saa ngapi, mama?"

"Wakirudi."

Nikaanza kukisia. Mto ulikuwa umejaa, labda wanakunywa karibu na kurudi mapema. Labda wamepelekwa mbali. Nikaandika saa tisa, nikafuta, nikaandika saa saba, nikafuta. Mwisho nikafanya jambo ambalo hakuna semina itakayowafundisha. Nilifika saa mbili asubuhi na kukaa. Nilikaa kwenye kigoda kando ya zizi siku nzima, simu nimeizima. Watoto walipita wakaniamkia, wakarudi wakaniamkia tena. Nililetewa maziwa mara mbili. Kazi za vijiji vingine sita zililala siku hiyo, na kuna mtu wa Kimamba aliyenitukana kwa haki kabisa. Ng'ombe walirudi jua limeshaanza kushuka, na wazee wakaja nyuma yao.

Shemeji akasema yake. Mali inapungua, kila mtu ameona, siku ya chanjo mwanamke huyu alifungia ng'ombe njaa mpaka wakajiumiza.

Nikaomba kusimama. "Wazee, shikamooni. Ng'ombe wale walifungiwa kwa sababu mimi nilisema nakuja sasa hivi. Niliporudi niliwachoma dawa iliyokufa, na nilijua imekufa. Yeye alifanya alichoambiwa. Aliyekosea ni mimi."

Shemeji akanitazama. "Kwa hiyo hata wangekuwa kwangu wangekufa?"

"Wako nilianza nao. Ungewekwa wewe mwisho, wangekufa wa kwako."

Nilisema hivyo bila kusita, na ndani yangu sikuwa na hakika. Kosa langu nilikuwa na hakika nalo. Kwamba ndilo lililowaua, hapana. Sijui kama nilisema kweli au nilisema zaidi ya kweli. Wazee waliongea kwa lugha yao kwa muda mrefu, nami nikatazama ardhi. Kisha mmoja wao akanigeukia na kusema kwa Kiswahili kwamba ng'ombe watabaki pale walipo. Nikakaa.

Ofisini niliandika yote kwenye ripoti. Nilipewa barua ya onyo, ninayo mpaka leo, na niliandikiwa kwa haki.

Basi ndiyo hayo, vijana. Neema anataka mbinu, na nitawapa nilizonazo, ingawa sijui kama zinatosha. Anzeni na kitu kinachoharibika mapema, kiwe chanjo au mgonjwa au mtu anayesubiri. Panga siku kuanzia mwisho wake. Mtu akikuambia saa nane, usione haya, muulize jua litakuwa wapi, na ukiandika kwenye simu andika na neno "mchana" pembeni. Acha nafasi tupu kila baada ya kijiji cha pili, maana tope haliangalii ratiba. Kile kichupa usikichanganye mpaka ng'ombe wa mwisho awe mbele yako. Na hilo neno "sasa hivi" mlitumie mkiwa mmeshashika mlango wa kuingilia, si mnapowasha pikipiki. Nililitumia miaka thelathini nikidhani ni salamu ya kuagia.

Ningemaliza hapo Jumatatu, na barua ingewahi. Lakini Jumatatu hiyo hiyo Mama Naserian alipiga simu. Naserian mwenyewe amekuwa mkubwa, anaolewa, na ng'ombe pale zizini sasa hawahesabiki kwa vidole. Ananialika.

"Jumamosi, Daktari. Saa nane."

Nikamwuliza, "Saa nane ya simu au ya jua?"

Akacheka, cheko refu ambalo sikuwahi kulisikia kwake miaka yote ile, mpaka na mimi macho yakaniuma. "Wewe njoo tu," akasema. "Ng'ombe sitawafungulia mpaka nikuone."

Tangu hapo ndiyo sijaandika kitu. Leo ni Alhamisi, na buti zangu ziko mlangoni.